Sare Tisa na Sanduku Moja

Mwenzio mwezi uliopita nimegombana na mume wangu kisa sanduku. Baba Neema alikuwa anatafuta pasipoti yake juu ya kabati, sanduku likamdondokea begani, likafunguka. Ndani yake sare tisa. Kitchen party ya dada wa kazini, send-off ya binamu, harusi ya shosti wangu wa chuo, na nyingine hata sikumbuki bi harusi alikuwa nani.

"Mama Neema, humu ndani kuna ada ya mtoto," akasema. Nikamjibu kwa hasira kwamba hizo ni kumbukumbu. Lakini usiku sikulala vizuri, maana hakuna hata moja niliyoivaa mara ya pili.

Asubuhi nikazibeba kwa fundi wangu, nikidhani atashona hata foronya. Akazishika shika akacheka. "Dada, hizi hata tambara la kupigia deki hazifai. Hazinyonyi maji." Nyingi ni poliesta, yaani plastiki iliyovutwa ikawa uzi, na chache ni poliesta iliyochanganywa na pamba.

Si unajua tena ugonjwa wetu waandishi, nikaanza kuchimba. Mwaka 2017 taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza ilitoa ripoti kwamba katika mali ghafi yote inayotengeneza nguo duniani, chini ya asilimia 1 ndiyo inayorudi kuwa nguo tena. Asilimia 1! Tatizo ni kwamba ukiichana nguo ya pamba kwa mashine, nyuzinyuzi zinakatika zinakuwa fupi, na uzi wake unakuwa dhaifu. Ndiyo maana nguo kuukuu nyingi zinaishia kuwa matambara au kujaziwa kwenye magodoro.

Walionivutia ni Wafini. Pale Espoo, jirani na Helsinki, kuna Chuo Kikuu cha Aalto, kilichozaliwa 2010 kwa kuunganisha vyuo vitatu: cha uhandisi, cha biashara na cha sanaa na ubunifu. Hebu fikiria mkemia, mhasibu na mbunifu wa mavazi wanakula kantini moja! Aalto wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Helsinki wakatengeneza njia inayoitwa Ioncell. Pamba na mbao, ukiziangalia kwa jicho la mkemia, ni ndugu: zote zina selulosi. Kwa hiyo wanachukua mbao, gazeti la zamani, boksi au nguo kuukuu ya pamba, wanaiyeyusha kwenye kimiminika maalumu cha chumvi, kisha wanaisukuma kwenye vitundu vidogo sana, inatoka nyuzinyuzi mpya ndefu na imara. Kile kimiminika kinakusanywa kitumike tena. Njia ya zamani ya viskosi inatumia kemikali yenye sumu, na waliowahi kuumia kwayo ni wafanyakazi wa viwandani.

Tarehe 6 Desemba 2018, sherehe ya uhuru wa Finland, mke wa rais wa wakati huo, Jenni Haukio, aliingia ikulu na gauni jeupe lililotokana na mti wa mbetula. Mti, jamani! Na mbunifu wake, Emma Saarnio, alitoka hapo hapo Aalto. Nimeitazama picha yake mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri.

Lakini maabara peke yake haimvishi mtu. Kuanzia 2020 hadi 2024 kulikuwa na mradi uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya, New Cotton Project, wenye washirika 12 wakiongozwa na kampuni ya Kifini ya Infinited Fiber. Wapo waliokusanya na kuchambua nguo kuukuu, wapo waliotoa vifungo na zipu, wa Ureno wakasokota uzi, wa Uturuki wakafuma, Adidas na H&M wakauza. Aalto nao walikuwemo kama watafiti. Ni kama kamati ya harusi: mmoja akichelewesha mchango wake, hata ukumbi hamupati.

Tena harusi nyingine huvunjika. Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha KTH cha Stockholm walianzisha Renewcell, kampuni ya kugeuza nguo za pamba kuwa mali ghafi mpya. Mwaka 2022 wakafungua kiwanda kikubwa mjini Sundsvall, ndani ya kilichokuwa kiwanda cha karatasi. Kila mtu kwenye mitindo aliwasifia. Oda zikaja chache kuliko walivyotegemea, na Februari 2024 wakafilisika. Baadaye mwaka huo huo mwekezaji akainunua na kuipa jina la Circulose. Wewe uliyewahi kuahidiwa mchango wa harusi kwa maneno matamu unaelewa kabisa kilichowapata.

Na sare zangu je? Hao wa pamba tupu hawazitaki. Hong Kong, taasisi ya utafiti ya HKRITA pamoja na mfuko wa H&M Foundation walitengeneza mtambo unaotumia joto, maji, mgandamizo na kemikali kidogo kutenganisha pamba na poliesta. Kwa hiyo mbili tatu zangu zina tumaini, japo Hong Kong si Kariakoo.

Kinachonikera ni sisi. Pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa haijasokotwa, halafu tunarudishiwa poliesta kwenye majora.

Basi Jumamosi kwenye kikao cha harusi ya mdogo wake shosti wangu nikasimama. Nikasema safari hii tuchague rangi tu, kila mtu avae alichonacho. Kimya! Kisha mama mwenyekiti akavua miwani: "Mwanangu mhariri, umeshalipa mchango?"

Nimelipa. Kitambaa ni rangi ya chungwa. Nilimuuliza muuzaji ni pamba au ni nini, akaniambia, "Kizuri tu, dada." Sanduku nimelihamishia chini ya kitanda, na baba Neema bado hajui kama ni kumi.

Tuonane mwezi ujao.