Mrufani asiye na wakili aelezwe maana ya hoja za maandishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wenzangu wa milimani wanaokata rufaa za mashamba bila wakili. Huku Uluguru ardhi nyingi hurithiwa kwa ukoo wa mama, na kesi zake huwa ndefu. Anayeshindwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Hapo wengi hujitahidi, wakapeleka sababu za rufaa kwa wakati.

Tatizo huja baadaye. Jaji akiamuru rufaa isikilizwe kwa maandishi, hupanga tarehe za kuwasilisha hoja: mrufani aanze, mjibu rufaa afuate, kisha mrufani ajibu akitaka. Mwanakijiji hudhani ameshaandika yote kwenye sababu za rufaa, anasubiri kuitwa. Kumbe mahakama zetu zimeamua mara nyingi kwamba kutowasilisha hoja kwa tarehe iliyopangwa ni sawa na kutofika siku ya kusikilizwa. Rufaa inatupwa, na shamba la ukoo linakwenda bila hoja hata moja kupimwa.

Wengine huwasilisha, lakini wanaleta ushahidi mpya badala ya kuonyesha baraza lilikosea wapi katika kumbukumbu za shauri. Inauma, maana tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, hivyo haya yote yangeweza kuelezwa kwa lugha wanayoielewa.

Naomba makarani wa masjala wampe kila asiye na wakili karatasi moja ya Kiswahili yenye tarehe zake, kinachotakiwa kuandikwa, na onyo la kuchelewa.

Msomaji wako,
Mkuyuni, Morogoro