Usaili wa kujitolea Kijenge: Alama za kufaulu 101 kwa 100!

Ndugu msomaji, chukua kalamu na karatasi. Leo tunafanya mtihani. Ni usaili wa viongozi wa vijana wa kujitolea hapa Kijenge, kuanzia Kijenge Juu hadi Mwanama. Mtunzi ni mimi mwenyewe, kwa hiyo usiende kusumbua ofisi yoyote. Muda ni dakika tano. Atakayechelewa amefeli. Atakayewahi atahojiwa nani alimwonyesha maswali.

Swali la 1. Mwombaji awe na umri usiozidi miaka 25 na uzoefu wa uongozi usiopungua miaka 30.

Swali la 2. Apande Mlima Meru, zaidi ya mita 4,500, peku, akiwa na ndoo ya uji kichwani. Mgeni rasmi anamsubiri kileleni. Uji ufike wa moto.

Swali la 3. Apande kifodi bila nauli, maana kazi ni ya kujitolea. Aeleze kwa maneno matatu jinsi konda atakavyofurahi.

Swali la 4. Awe na kazi halali ya kumpatia kipato, na wakati huo huo awe hana kazi yoyote, ili apatikane saa 24.

Swali la 5. Alete barua ya baba yake mzazi. Kama baba ni marehemu, aje kuisaini mwenyewe.

Swali la 6. Fomu ijazwe kwa kalamu nyeusi yenye wino wa bluu. Irudishwe siku ambayo ofisi imefungwa, ikiwa na muhuri wa ofisi hiyo. Fomu yenye kosa itatupwa. Isiyo na kosa itachunguzwa kwa nini haina.

Alama za kufaulu ni 101 kwa 100. Mshahara: asante. Marupurupu: asante sana. Mwombaji ambaye mjomba wake ni kigogo hatafanya mtihani huu. Atausimamia.

Umecheka? Cheka, lakini usicheke sana. Nchi hii imewahi kutoa mitihani inayokaribiana na huu, na watu wazima waliifanya.

Mwaka 1958, katika uchaguzi wa kura tatu, Mtanganyika hakupiga kura kwa sababu tu ni mtu wa hapa. Alitakiwa awe na elimu ya darasa la 12, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au ashike wadhifa uliotajwa na sheria. Mkulima wa Meru aliyelipa kodi miaka yote akabaki nje. TANU ilibishana Tabora Januari 1958 iwapo ishiriki au isusie, ikaamua kushiriki, na ikashinda. Lakini masharti yalikuwa na kazi moja tu: kupunguza watu mlangoni.

Mwaka 1967 mtihani ukageuzwa uelekee juu. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapa hapa Arusha mwishoni mwa Januari, na Azimio likatangazwa Februari 5. Safari hii wakaulizwa wazito. Una hisa kwenye kampuni? Una mishahara miwili? Una nyumba ya kupangisha? Aliyejibu ndiyo aliambiwa achague: mali au uongozi. Siasa ya Azimio ilikuwa na kasoro zake, na waliopanga foleni za sukari hawajasahau. Lakini walau mtihani ulimbana mwenye tumbo kubwa.

Ukadumu? Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar ikayalegeza masharti hayo. Hisa ruksa, nyumba ya kupangisha ruksa, mishahara miwili ruksa. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka mkubwa atamke mali zake. Kutamka, si kuacha!

Sasa tazama upande wa chini. Mwenyekiti wa mtaa hana mshahara. Ni mtu wa kujitolea, anayeamshwa usiku wezi wakiingia na anayetafutwa msiba ukitokea. Lakini katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019, mgombea alitakiwa awe na shughuli halali ya kumpatia kipato, na adhaminiwe na chama. Wagombea wa upinzani wakaenguliwa kwa maelfu, wengi kwa makosa ya kujaza fomu. Wengine walilalamika kwamba walikuta ofisi zimefungwa. CCM ikatangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 99. Hebu rudia swali langu la 4 na la 6, uniambie kama nilitunga au nilinakili.

Na kijana asiyetaka kadi ya chama chochote? Huyo hata chumba cha mtihani haoni. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994. Bunge likabadili Katiba. Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake hapa Arusha, ilisema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Uchaguzi wa 2015, wa 2020 na wa 2025 ukapita bila mgombea binafsi.

Hasara yake ni nini? Kazi isiyo na malipo ikiwekewa ngazi ndefu hivi, watakaoipanda ni wa aina mbili. Wa kwanza ana baba wa kumlisha. Wa pili anahesabu atakavyojilipa akishafika. Kijana aliyezibua mtaro wetu mvua za masika, aliyechimba kaburi bila kuuliza posho, atarudi kijiweni akiwa ameshika fomu yenye alama ya mkasi. Mwaka ujao mtaro ukiziba, atapita pembeni. Utamlaumu?

Na sisi wa upinzani tusijifanye malaika. Tumo tunaosema vijana ni nguvu ya mageuzi siku ya kubandika mabango, halafu siku ya kugawa nafasi tunauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Ndugu msomaji, kwa kiongozi wa kujitolea maswali mawili yanatosha, na msahihishaji awe jirani yake, siyo karani. Anaishi nasi hapa? Tumemwona akifanya nini? Kosa la herufi kwenye fomu lisahihishwe pale pale, kwa kalamu ile ile.

Yale maswali magumu ya hisa, nyumba na mishahara miwili msiyachome moto. Yapelekeni juu, yalikotoka mwaka 1967. Huko ndiko kuna watu wa kuyajibu.