Mbegu inayovumilia mafuriko ifike bonde la Ruzizi

Mkulima wa mpunga wa Sange, Kiliba au Luberizi anaijua hesabu hii: maji yakifunika shamba siku mbili tatu, bado kuna matumaini. Yakikaa wiki nzima na zaidi, msimu umekwisha. Mbegu ilikopwa, vibarua walilipwa, deni linabaki.

Tangu mto Mulongwe ulipofurika na kuua watu wengi mjini Uvira, Aprili 2020, tunazungumza juu ya kingo za mito, mifereji na kuhamisha watu. Ni haki. Lakini juu ya mbegu husikii mtu akisema.

Mwaka 2006 watafiti walitangaza kwamba wameitambua, katika mpunga wa kienyeji wa mashariki mwa India, jeni inayoitwa SUB1A. Ni jeni ya familia ya ERF, na kazi yake ni kama ya msimamizi: inaamuru jeni nyingine ziamke au zinyamaze. Mpunga wa kawaida ukizama, hurefuka haraka kutafuta hewa, humaliza akiba yake na kufa. Wenye SUB1A hutulia, hutunza akiba, na maji yakishuka huchipua tena. Unaweza kuvumilia wiki mbili hivi chini ya maji.

Tena wakulima hawakuambiwa waache mbegu waliyoizoea. Swarna, mpunga uliopendwa sana India, ulichanganywa na ule wa kienyeji, kizazi baada ya kizazi, mpaka ukabaki Swarna ule ule pamoja na jeni hiyo. Swarna-Sub1 iliruhusiwa India mwaka 2009.

Tusidanganyane. Jeni hii haiokoi shamba linalokaa miezi ndani ya maji, kama ilivyokuwa kando ya ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2024. Haiondoi ukame pia. Huko yanahusika makundi mengine ya jeni, kama DREB na NAC, na kazi ni ngumu zaidi kwa sababu jeni nyingi hushirikiana. Wala mbegu nzuri si kisingizio cha kuacha mifereji izibe.

Lakini kwa mafuriko ya siku kumi, tofauti ni kati ya kuvuna na kukosa. Kwa hiyo tunaomba jambo moja: INERA, yenye kituo Mulungu, ijaribu mpunga wa aina hii ndani ya bonde lenyewe, katika mashamba ya wakulima. Kituo cha kimataifa cha mpunga, IRRI, kimefanya kazi Burundi, ng'ambo tu ya Ruzizi. Ujuzi hauko mbali. SENASEM ihakikishe mbegu, na serikali ya jimbo itenge fedha.

Kisha wakulima wenyewe wapime mavuno, waonje wali, waamue. Mvua haitatungoja tumalize mikutano.