Meneja Darasani, Kiswahili Mlangoni

Waswahili husema kuwa elimu haina mwisho. Ukweli wa kauli hii hudhihirika kila jioni jijini Nairobi, magari yanapoelekea majumbani huku baadhi ya watu wazima wakielekea madarasani. Miongoni mwao wamo mameneja wakuu: watu waliokaa kazini miaka kumi, kumi na mitano au zaidi, ambao wamerudi kusomea Shahada ya Uzamili katika Usimamizi wa Biashara, maarufu kama MBA. Huketi darasani baada ya kutwa nzima ya mikutano, huandika kazi zao usiku wa manane, na hukosa harusi na matanga ya jamaa kwa sababu ya mitihani. Karo ni ghali, na aghalabu watoto wao wamelala wanapofika nyumbani.

Juhudi hizi zinastahili pongezi. Hata hivyo, lipo swali ambalo halijapewa uzito: yale anayojifunza meneja huyu humfikia vipi mfanyakazi anayemwongoza? Msimamo wa makala haya ni kwamba shahada hiyo itabaki nusu maadamu meneja anafunzwa uongozi kwa lugha moja na kutarajiwa kuongoza kwa lugha nyingine ambayo darasa halikuitaja kamwe.

Ifahamike kwamba shahada hii haikuzaliwa jana. Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kilianza kuifundisha mwaka 1908. Mnamo 1943, Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha mpango maalum kwa wakuu waliokuwa tayari kazini. Wazo la mpango wa aina hiyo ni jepesi: meneja asiache kazi ili asome, bali kazi iingie darasani, nalo darasa liende kazini. Hapa Kenya, mlango ulipanuka mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha mpango wa wanafunzi wanaojilipia karo, uliojulikana kama Moduli ya Pili. Masomo ya jioni yakawa sehemu ya maisha ya wafanyakazi wengi wa mjini. Basi ikiwa shabaha ni kazi na darasa kupeana mikono, lugha ndiyo mkono wenyewe.

Chukulia meneja wa uzalishaji katika kiwanda cha nguo huko Athi River. Wafanyakazi wake wametoka pembe zote za nchi, na lugha inayowaunganisha kwenye safu za cherehani ni Kiswahili. Jioni moja meneja huyu anafundishwa jinsi ya kuunda upya kampuni wakati oda zinapopungua. Anaandika kazi safi na kupata alama ya juu. Majuma machache baadaye, oda za kiwanda chake zinapungua kweli, na inambidi awaeleze watu mia mbili kwamba baadhi yao wataachishwa kazi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 40, inataka notisi ya muda usiopungua mwezi mmoja. Inataka pia wanaoachishwa wateuliwe kwa kuzingatia muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wao, na walipwe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Hizi ni haki ambazo mfanyakazi anapaswa kuzielewa neno kwa neno. Lakini meneja anabandika ukutani notisi ya Kiingereza, kurasa mbili, iliyojaa istilahi alizozipata darasani. Mama wa cherehani anamwuliza jirani yake, jirani anakisia, makisio yanageuka uvumi. Mmoja anajipa moyo kuuliza: "Mkubwa, ina maana tumefutwa ama tumepumzishwa tu?" Meneja anababaika. Si kwamba hana jibu. Jibu analo, na alipewa alama kwa ajili yake. Hana maneno ya kulitolea. Kabla ya chakula cha mchana, cherehani zimenyamaza.

Mgomo wa namna hiyo utaandikwa katika ripoti kuwa ni utovu wa nidhamu. Ukweli ni kwamba ulianza pale lugha ilipokatika.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba vitabu vya taaluma hii ni vya Kiingereza, kwamba wanunuzi wa nguo hizo wako ng'ambo, na kwamba bodi ya wakurugenzi husoma ripoti za Kiingereza. Hoja hii ina mashiko, na hakuna anayedai Kiingereza kifukuzwe. Lakini meneja ana pande mbili za kuwajibikia. Kuwajibika kwa bodi hakumwondolei wajibu wake kwa karakana. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Vipi basi lugha rasmi ya nchi isiwe na hata saa moja katika ratiba ya watakaoongoza wafanyakazi wa nchi hiyo?

Wengine watadai kwamba Kiswahili hakina istilahi za biashara. Dai hili linashangaza, kwani lugha hii ilikulia bandarini. Daftari, stakabadhi, amana, riba, rehani, shehena, ushuru, mnada, dalali, hundi na bima ni maneno ya kale katika vinywa vya wafanyabiashara wa pwani. Neno rasilimali lenyewe lilitokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni kichwa cha mali. Meneja anayewaita watu wake rasilimali watu angefaidika kujua kwamba, kwa mujibu wa neno hilo, amewaita kichwa wala si mkia. Huduma ya M-Pesa nayo, iliyoanza mwaka 2007, imebeba neno la Kiswahili katika jina lake hadi kwenye madarasa ya biashara ya ng'ambo. Ni kweli kwamba zipo dhana mpya ambazo istilahi zake hazijakubaliwa na wote. Lakini istilahi hukubalika kwa kutumiwa, si kwa kufungiwa kamusini.

Hapa lawama isitupiwe shule za biashara peke yake. Idara za Kiswahili nazo zimezoea kuketi barazani zikisubiri kualikwa. Tasnifu nyingi huchambua mtindo na wahusika. Lugha ya notisi ya kiwandani, ya mkataba wa kazi na ya mkutano wa chama cha wafanyakazi haipati watafiti wa kutosha. Ilhali huko ndiko lugha inakoamua nani atakula na nani atalala njaa.

Yapo mambo matatu yanayowezekana bila gharama kubwa. Kwanza, shule za biashara na idara za Kiswahili zishirikiane kufundisha kozi fupi ya Kiswahili cha uongozi: kuandika notisi, kuendesha kikao, kueleza mizania kwa mtu asiye mhasibu. Pili, kila meneja anayeandika mradi wa utafiti kuhusu mahali pake pa kazi aandike pia muhtasari wa Kiswahili, na ausome mbele ya wale aliowahoji. Tatu, fasihi iingizwe miongoni mwa visa vinavyojadiliwa darasani. Tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki, iliyochapishwa mwaka 1981, inahusu mvutano wa wafanyakazi na mwajiri wao. Meneja atakayeisoma atakutana na sauti ambayo majedwali ya hesabu hayawezi kumsikizisha.

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Meneja ataenda chuoni, atavaa joho, atapigwa picha akiwa na familia iliyomvumilia. Jumatatu atarudi ngamani, ambako maji huingilia. Huko hakuna atakayemwuliza alipata alama gani. Wataka kujua amesema nini.