Daftari la Zamani Katika Kompyuta Mpya

Kompyuta mpya iingiapo ofisini hupokelewa kwa furaha. Sanduku hufunguliwa, nyaya huchomekwa, na ile kuukuu iliyotumika miaka mingi husukumwa pembeni. Pengine jua halijatua imekwisha kupelekwa bohari, au amepewa mtoto wa mkubwa fulani aichezee. Hapo ndipo hasara huanzia, na wenyewe hawana habari.

Chukua mfano wa mweka hazina wa chama cha kuweka na kukopa cha askari. Kwa zaidi ya miaka ishirini michango ya wanachama imekuwa ikitiwa katika programu iliyoundwa na fundi mmoja tangu enzi za DOS, yenye kioo cheusi na maandishi meupe. Fundi mwenyewe hajulikani aliko. Sasa imeletwa kompyuta yenye Windows 11. Mweka hazina anainakili programu yake kwa flashi, anaibonyeza, naye anajibiwa kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi katika kompyuta hii. Mlangoni amesimama mjane wa koplo, amekuja kuuliza akiba ya marehemu mumewe.

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta mpya ni mbovu, au kwamba flashi imeharibu programu. La hasha. Programu za DOS, na kwa kawaida zile za Windows za kabla ya mwaka 1995, ziliandikwa kwa kipimo cha biti 16. Zilizofuata zilikuwa za biti 32. Windows za biti 32, pamoja na Windows 10 ya aina hiyo, zilibeba ndani yake chombo cha kuziendesha zile za biti 16, na ndiyo sababu programu ya fundi yule ilifanya kazi hadi juzi. Windows za biti 64 hazina chombo hicho, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni ya biti 64 tu. Askari ataelewa upesi: risasi ya kipimo kimoja haiingii katika mtutu wa kipimo kingine, hata kama vyote viwili vimetoka kiwanda kimoja.

Ipo nyingine inayowababaisha wengi. Programu yenyewe huweza kuwa ya biti 32, ambayo Windows 11 huiendesha bila taabu, lakini kile kiprogramu cha kuiweka ndani ya mashine kikawa cha biti 16. Mtu huona kukataliwa mlangoni, akadhani mgeni mwenyewe ndiye aliyekataliwa.

Pengine ataulizwa mtu: kwa nini basi kuhama? Kwa sababu mfumo wa zamani hufikia siku usipotunzwa tena. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza kipindi cha kawaida cha kuitunza Windows 10. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilipenya katika kompyuta ambazo hazikuwa zimetiwa marekebisho ya usalama, kikavuruga kazi katika hospitali nyingi za umma huko Uingereza. Hata majeshi makubwa yamenaswa na jambo hili. Mwaka 2015 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliingia mkataba wa dola zipatazo milioni 9 ili Microsoft iendelee kulitunzia Windows XP na programu nyinginezo ambazo muda wake ulikuwa umekwisha, maana programu zake za kazi zilikuwa bado hazijahamishwa. Chama cha askari hakina dola milioni 9.

Zamani watengenezaji wenyewe walijitahidi kuwafunika watumiaji. Joel Spolsky, aliyepata kufanya kazi Microsoft, ameeleza kuwa mchezo wa SimCity ulikuwa na kosa: ulisoma sehemu ya kumbukumbu uliyokwisha kuirudisha. Katika Windows ya zamani kosa hilo halikuonekana. Wahandisi wa Windows 95 walipoligundua, waliongeza maagizo ya kuutambua mchezo huo na kuuhudumia kwa namna ya pekee ili usianguke. Lakini programu ya fundi wa mtaani haina mhandisi wa kuihurumia.

Basi mweka hazina afanye nini? Kwanza asiiachilie kompyuta ya zamani, hata kwa amri ya bohari, mpaka kazi iishe. Folda yote ya programu ainakili mahali pawili tofauti. Tena ajihadhari na mtego mmoja. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu za kale za Windows zilizozoea kuandika kumbukumbu ndani ya folda yao zimekuwa zikizuiwa kimyakimya, na mafaili yao hupelekwa katika folda iliyofichwa iitwayo VirtualStore, chini ya jina la mtumiaji. Anayenakili folda ya programu peke yake huondoka na daftari la miaka iliyopita, huku michango ya karibuni imebaki nyuma. Dalili yake ni tarehe ya mwisho iliyoandikwa.

Ikiwa programu ni ya biti 32, ajaribu kuibonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, aingie katika sifa zake na kuiambia Windows iichukulie kama iko katika XP. Mara nyingi hilo hutosha. Ikiwa ni ya DOS, ipo programu ya bure iitwayo DOSBox, inayojifanya kompyuta ya zamani ndani ya mpya. Hiyo iliundwa kwa ajili ya michezo, si kwa ajili ya fedha za watu, na kuipeleka karatasi kwenye printa ya sasa huwa shida. Yafaa kwa kusoma yaliyomo, si kwa kuandika michango ya mwezi hadi mwezi.

Lililo bora ni kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, yaani programu na hesabu zilizomo. Programu nyingi za ofisi za miaka ile ziliundwa kwa dBase, Clipper au FoxPro, na hesabu zake zimo katika mafaili yanayoishia na DBF. Mafaili hayo hufunguliwa hata leo na LibreOffice, isiyolipiwa. Programu ikifa, hesabu hazifi nayo.

Lakini kuhamisha nako kuna makosa yake. Mwaka ulioandikwa kwa tarakimu mbili, kama 28, jedwali la Excel huusoma 2028. Mzee aliyezaliwa mwaka 1928 akaonekana hajazaliwa bado. Na mafaili ya maandishi ya CSV yafunguliwapo kwa haraka katika Excel, namba ya askari iliyoanza na sifuri hupoteza sifuri zake, isipokuwa safu ile imetajwa kuwa ni maandishi. Ndipo 00457 hugeuka 457, na anayeitafuta namba iliyo katika kitabu cha mwanachama haipati.

Kwa hiyo jumla ya kila mwanachama ilinganishwe, ya zamani kando ya mpya, na mashine zote mbili zitumike pamoja walau kwa mwezi mmoja. Orodha ichapwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi na mweka hazina na katibu. Na mjane wa koplo asiambiwe kwamba mumewe hamo katika chama kabla namba yake haijatafutwa tena, pamoja na sifuri zake, katika ile kompyuta ya zamani.