Kosa Si la Bomba

Wako watu wasemao kwamba bomba likibonyea penye kona, basi bomba lenyewe ni bovu. Mimi nayakataa maneno hayo. Mama yangu alianguka baada ya mguu wa kiti chake kukatikia penye kunjo, na fundi aliyekitengeneza akanijibu, "Vyuma vya siku hizi, ndugu yangu!"

Chuma hakina kosa. Bomba likikunjwa, upande wa nje huvutika ukawa mwembamba, na upande wa ndani husongamana ukafanya makunyanzi. Katikati ni uwazi mtupu, hakuna kinachozishikilia kuta. Dawa yake ni ya zamani: jaza mchanga mkavu, gonga bomba mpaka mchanga ushindamane, ziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, pasha moto mpaka chuma kiwe chekundu, kisha kunja taratibu. Mchanga ukiwa na unyevu, mvuke hufyatua kizibo na kuumiza mtu. Mshono wa bomba nao ukae ubavuni, usiwe nje wala ndani ya kunjo. Na kona isiwe kali mno.

Hayo yote yanataka muda, na muda ni fedha. Sisi wateja twataka kiti leo hii, tena kwa bei ya kutupa. Nami nilimharakisha fundi yule, nikambana mpaka akakubali kwa shingo upande. Shilingi nilizopunguza ndizo mchanga uliokosekana bombani. Tusilisingizie bomba.