Muziki Nao Una Haki ya Mizani

Mkulima wa Ufipa anapofikisha mahindi yake kwenye ghala la Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula mjini Sumbawanga, haambiwi kwamba mahindi hayo hayapendezi. Hupimwa unyevu, nao ukizidi asilimia 13.5 huambiwa akayaanike. Kisha mzigo hupandishwa kwenye mizani. Mkulima huyo aweza kukasirika, lakini anajua alipokosea na namna ya kujirekebisha.

Msomaji wa visiwani atauliza Ufipa inamhusu nini. Inamhusu sana. Sisi tuliokua na pishi na kibaba tulifundishwa chuoni, kabla hata ya kuingia skuli, kwamba kupunja kipimo ni dhambi. Mkulima wa bara anaposaidiwa dhidi ya lumbesa, ni haki ile ile inayotetewa.

Mbona basi haki hiyo haimfikii mwanamuziki? Kikundi cha kwaya au cha ngoma cha uwanda wa Ufipa hujichanga, hulipa studio, hupeleka kazi yake redioni. Jibu linalorudi, tena kwa mdomo tu, ni kwamba sauti haina ubora. Ubora gani? Umepimwa kwa nini? Hakuna anayejibu. Kikundi cha taarabu kutoka Pemba nacho hujibiwa hivyo hivyo. Hiyo ndiyo lumbesa ya muziki: mpimaji amejifanya mizani.

Wala tusiambiwe kwamba sauti haipimiki. Mwaka 1998 Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU) lilipitisha njia ya kupima kwa mtambo ni kiasi gani nakala ya sauti imeharibika ikilinganishwa na ile ya asili. Sifuri maana yake sikio halitambui tofauti. Hasi 4 maana yake kasoro inakera mno. Mwaka 2006 Shirika hilo likatoa njia ya kupima ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakakubaliana kwamba vipindi vyao viwe vizio 23 chini ya kikomo cha juu cha mtambo. Faida yake ni dhahiri. Fundi anayeukandamiza wimbo ili uvume kuliko wa mwenzake hapati kitu, kwa kuwa kituo huushusha ukawa sawa na nyingine, na kinachobaki ni mikwaruzo aliyoitia mwenyewe. Vipimo vya aina hii husomwa hata kwa kompyuta ya kawaida.

Hata hivyo, mizani ya mahindi haisemi kama ugali utakuwa mtamu. Mtambo hauwezi kupima ukweli wa mshairi wala furaha ya wanaocheza ngoma. Wala kipimo kisigeuzwe kuwa kinanda. Maqamu ya taarabu yana sauti zinazokaa kati ya vibonyezo vya kinanda, na mpiga kanuni huzijua kwa sikio. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki Tanganyika mwaka 1950, alizoea kupima milio ya ala za Kiafrika na kuiandika kama alivyoikuta. Leo ipo mitambo inayoivuta kila sauti ya mwimbaji ifuate ngazi 12 za piano, na wapo wanaouita huo ndio ubora. Sisi tunakataa. Tofauti hiyo si kosa la kusahihishwa, bali ni lugha ya muziki wenyewe.

Tunayoyataka kwa wahusika ni machache. Kila kituo kitangaze viwango vyake. Kila anayekataliwa apewe jibu la maandishi lenye tarakimu, ajue kama kasoro ni uvumi, mikwaruzo au ukubwa wa sauti. Baraza la Sanaa la Taifa, na kwa upande wa Zanzibar Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, yakubaliane juu ya kipimo kimoja kitakachotumika sawasawa Unguja, Pemba na Sumbawanga. Maofisa utamaduni wafundishwe kukisoma. Gharama yake ni ndogo. Kinachohitajika ni nia.

Wenyeji husimulia kwamba jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Ubora unaohukumiwa bila kuelezwa nao ni uchawi wa namna yake. Wakati wa kuutupa umefika.